Sweta la Kiboksi

Kufikia Jumatano ya wiki ile, kiboksi chetu cha kutunzia mafaili kilikuwa na ulinzi mkubwa kuliko mtu yeyote wa nyumba yetu. Kilikuwa na kizimba cha nondo alichokichomelea mume wangu Luhende kwenye karakana yake ya Igoma. Kilikuwa na kufuli, ufunguo ukining'inia shingoni kwa Luhende. Kilikuwa na tangazo nililoliandika mimi kwa kalamu nyekundu: USIZIME, SEVA INAFANYA KAZI. Na kuanzia jioni ile kikawa na sweta.

Kiboksi chenyewe usije ukadhani ni kitu cha maana. Kinaenea kiganjani. Ni kimoja kati ya vile vya kuchomeka kwenye TV ya kawaida ili mtu aangalie sinema za intaneti. Tulikipata kwa fundi, kimeshatumika, rimoti yake haina mfuniko wa betri. Mwalimu Okal wa darasa la kompyuta la jioni ndiye aliyenifundisha kukifuta akili ya mwanzo na kukiwekea programu ya bure ya kutunza mafaili. Nikakiunganisha na diski niliyoichomoa kwenye kompyuta iliyokufa, basi. Simu yoyote au kompyuta yoyote iliyo kwenye waifai ya nyumba ikawa inaona ghala moja la picha na maandishi, bila bando, bila kumlipa mtu. Mwalimu Okal alikiita kiboksi. Mimi nilikiita seva, tena mbele za watu.

Jumamosi saa nne angekuja mgeni wa kukiangalia: Mwalimu Modesta, mkuu wa shule moja binafsi ya msingi, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka kwetu Kiseke. Shule yake ilikuwa inapoteza mitihani kwenye flashi kila muhula. Kama angeridhika, ningewafungia kingine kama hiki, na kuanzia Jumatatu angeniajiri nikitunze pamoja na kompyuta zao. Shuleni pale kuna chumba cha kulelea watoto wachanga wa walimu. Binti yangu Hellen, wa miezi tisa, angekuwa upande wa pili wa ukuta.

Wakati huo nilikuwa nakata minofu ya sangara kiwandani Nyakato, ndani ya baridi, na buti za mpira. Kila ikikaribia saa tano maziwa yalikuwa yananitoka yenyewe na kulowesha koti, na msimamizi anatangaza meza zote zisikie: "Rebeka, kausha hapo! Hapa ni samaki tu!" Wenzangu walikuwa wanacheka. Na mimi nilikuwa nacheka, maana mtu akicheka mwenyewe anaumia kidogo zaidi peke yake baadaye, lakini pale mezani anapona.

Sasa, sweta. Lilifumwa na mama mkwe wangu, Ng'washi, aliyeacha mihogo yake Misungwi ili aje anishikie mtoto. Nikiwa kazini alipima kizimba kwa kamba ya kitenge, akanunua uzi wa bluu na wa njano, akafuma siku nne huku Hellen yuko mgongoni. Niliporudi nilikuta mtambo wangu umevaa: mashada chini, maua matatu kifuani, na tundu dogo la kupitishia waya, kama tundu la mkia.

"Mama Hellen, ona," akaniambia. "Mgeni angekuta chuma tupu kama banda la kuku. Nimekisitiri."

"Mama..."

"Na nimekishonea palepale kwenye nondo. Watoto wa jirani hawakivui hata wavute."

Hapo ndipo pa kueleza nilikuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa nimesoma jioni miezi minane. Mwalimu Okal alikuwa ametuambia mara tatu: "Kifaa hiki hakina feni. Hewa ndiyo feni yake. Ukikiziba kinachemka, kikichemka kinajizima." Nilikuwa nimeliandika hilo daftarini na kulipigia mistari miwili. Lilikuja kwenye mtihani, nililipata. Na nikiwa na elimu yote hiyo nikamwangalia mama mkwe wangu, vidole vyake vina alama za sindano, nikasema:

"Mama, umekipendezesha."

*

Yale ambayo sikuyaona wala kuyasikia nimeyapata baadaye kwa wenyewe, na mengine nimepewa bila kuuliza.

Alhamisi asubuhi niliingiza mkono chini ya sweta nikijifanya nafuta vumbi. Kilikuwa cha moto kama chapati iliyotoka sasa hivi. Jioni nikamvizia Luhende akinawa miguu uani.

"Baba Hellen, mwambie mama yako alitoe lile sweta."

"Mimi?"

"Ni mama yako."

"Ndiyo maana." Akajipangusa taratibu. "Mimi nimwambie mama yangu kazi yake haifai? Mwambie wewe. Wewe ndiye mwenye seva."

"Mimi ni mkwe."

"Mkwe msomi."

"Ningekuwa msomi ningeolewa na mchomelea vizimba?"

Akacheka, akaingia ndani, akamkuta mama yake, akasimama mbele ya sweta mikono kiunoni. Alinieleza baadaye kwamba alikuwa amekusudia kusema. Alichosema ni, "Mama, hapa kwenye maua ulitumia sindano namba ngapi?"

Ijumaa nilikuwa zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi nikawa na mpango wa kitaalamu. Nilifungua madirisha yote mawili. Nikasogeza meza. Nikachukua ungo, nikaanza kukipepea. Jirani yetu wa mlango wa pili aitwaye Aloo, mama wa kutoka Shirati asiyepitwa na kitu, akachungulia dirishani.

"Jirani, huyo kuku ana kideri?"

"Si kuku. Ni seva."

"Seva." Akaitazama, akanitazama. "Na wewe ndiye unayekwenda kuajiriwa Jumatatu?"

"Mungu akijalia."

"Ajalie haraka, jirani, kabla hawajapita na hapa dirishani."

Mama mkwe wangu alikuwa jikoni akisikia kila kitu. Akajisemea: mkwe wangu anapepea kile kitu tangu asubuhi, na usoni ana wasiwasi. Nilipoondoka kwenda kazini akaenda kukigusa mwenyewe. Joto kweli. Akapima tena kwa mgongo wa mkono, kama anavyompima Hellen. Na yeye kalea watoto saba, hakuna wa kumfundisha: mwenye homa hafunuliwi, anafunikwa mpaka atoke jasho. Jumamosi alfajiri, kabla sijaamka, akakunja kile kiblanketi chepesi cha mtoto, akakisukumia ndani ya sweta, juu ya kiboksi, taratibu, asikiamshe.

*

Mwalimu Modesta alifika saa nne na dakika mbili, peke yake, gauni la kijivu, saa ya kiume mkononi. Mama mkwe wangu akapiga goti, akamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," na Mwalimu, ambaye ni mtu wa Bunda, akainama naye akajibu kwa Kiswahili, "Shikamoo, mama." Soda ikaletwa. Luhende alikuwa amevaa shati la harusi yetu, ufunguo juu ya tai.

"Mtambo ndio huu?"

"Ndio huu, Mwalimu."

"Umevaa."

"Ndiyo, Mwalimu."

Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Alikuja kuniambia kwamba wakati ule alidhani sweta ni sehemu ya utaalamu.

Nikaanza kueleza. Sijui nilipata wapi ulimi. Nikasema hakitumii mtandao wa nje, kinatumia waifai ya humuhumu tu, kwa hiyo bando likiisha kazi inaendelea. Nikasema mwalimu akihifadhi mtihani kwenye kompyuta moja, mwenzake ataufungua kwenye nyingine, na asiye na ruhusa hataona kitu. Mwalimu Modesta akampiga picha Hellen, aliyekuwa mkekani anatafuna kijiko, nikamwonyesha namna ya kuihifadhi, nikafungua simu yangu: Hellen huyu hapa, na kijiko chake.

"Mm," akasema Mwalimu. Lakini ilikuwa 'mm' nzuri. Nikaiona Jumatatu. Nikajiona nimevaa viatu vya kawaida, vikavu.

"Hii ni benki, Mwalimu," Luhende akachangia.

"Tuone benki." Akatoa flashi kwenye pochi. "Humu kuna mitihani ya majaribio ya darasa la saba, folda zima. Iweke."

Nikaichomeka kwenye kompyuta aliyoniazima Mwalimu Okal, nikaanza kunakili. Asilimia kumi. Ishirini. Thelathini na moja. Kisha ikasimama hapo thelathini na moja kama mtu aliyesahau alichofuata. Kisha maandishi: ghala halipatikani.

"Ni mtandao," nikasema. "Leo mtandao unasumbua."

"Si umeniambia sasa hivi hakitumii mtandao?"

"Ndiyo. Yaani... ni umeme."

Friji yetu, ambayo kwa kawaida huwa kimya siku nzima, ikaunguruma.

"Umeme upo," akasema Luhende kwa kunisaidia.

"Basi ni jua," nikasema. Sijui jua lilihusikaje. Hata Hellen aliacha kijiko.

Mwalimu Modesta akainuka. Akaingiza vidole kwenye tundu la waya, akavitoa upesi, akavipuliza. Akaingiza tena, akavuta, na kikachomoza kipande cha kiblanketi chenye picha za sungura.

"Rebeka. Humu ndani kuna blanketi."

Mimi nilikuwa na habari ya sweta tu. Nikakitazama kile kisungura, na nikaelewa yote kwa mara moja: nani, lini, na kwa nini. Mama mkwe wangu alikuwa kwenye stuli karibu na mlango wa jikoni, mikono mapajani, bado anatabasamu kwa sababu ya mgeni.

"Nani amekifunika hivi?"

"Mimi," nikasema.

"Kwa ajili ya nini?"

"Vumbi."

"Ulifundishwa kinahitaji nini?"

"Hewa, Mwalimu."

"Na ukakivika sweta na blanketi."

"Ndiyo, Mwalimu."

Akanitazama kidogo. Hakukasirika, ingekuwa nafuu. Akachomoa flashi yake, akairudisha kwenye pochi, akafunga zipu, na ile sauti ya zipu niliisikia mpaka kwenye meno. "Basi, binti, kazi bado hujaijua. Jifunze jifunze, ukiwa tayari utanitafuta. Mama, asante kwa soda."

"Mwalimu, subiri," mama mkwe wangu akasema.

Alisimama. Tabasamu lilikuwa limeisha. "Blanketi ni mimi. Na hilo sweta ni mimi. Huyu hakufunika kitu. Kilikuwa na homa tangu juzi, na yeye anakipepea na ungo akidhani simwoni. Nikasema, kitu chenye homa nikifunike." Akanigeukia. "Kumbe kinataka hewa?"

"Ndiyo, Mama."

"Wewe ulijua lini?"

"Darasani."

"Darasani lini?"

"Mwezi wa pili."

Huo ulikuwa mwezi wa saba. Luhende akaanza kuchunguza dari. Mwalimu Modesta akakaa tena, pochi mapajani.

"Unamwogopa mama mkwe wako?"

"Namheshimu, Mwalimu."

"Sijauliza hilo."

Nikaokota kijiko cha Hellen.

"Haya," akasema. "Mwambie sasa, nikiwepo. Kifanywe nini?"

Nimewahi kujifungua, nimewahi kusimama saa tisa kwenye baridi, nimewahi kumwomba mwenye nyumba mwezi mmoja wa nyongeza. Sikuwahi kukuta sentensi nzito namna ile. Nikaanza kuizunguka. "Mama, kwanza nashukuru. Rangi ni nzuri. Hata jirani alisifia. Na kwa kweli hayo maua..."

"Rebeka," Mwalimu akasema.

"Mama, naomba mkasi."

"Wa nini?" mama mkwe wangu akauliza. Alikuwa anajua. Alitaka kuisikia ikitoka.

"Wa kukata sweta. Limeshonewa, halivuliki. Likatwe, Mama, na kisifunikwe tena. Si kwa blanketi, si kwa kitambaa. Ukikifunika kinakufa. Usikifunike wewe, wala Baba Hellen, wala mtu yeyote."

Neno la mwisho lilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Hellen akanitazama kama mtu asiyenifahamu.

Mama mkwe wangu aliingia chumbani, akarudi na mkasi. Hakunipa. Akapiga goti mbele ya kizimba akaanza kukata mwenyewe, uzi mmoja mmoja, mashada kwanza, akiyaweka kwenye upande wa kanga. Hakuna aliyemsaidia, kwa sababu hakuna aliyethubutu.

"Nimefuma siku nne," akasema bila kugeuka. "Hayo maneno yako yangechukua dakika moja."

 

Luhende akafungua kufuli. Tukakitoa kiboksi, tukakiweka kwenye sakafu ya saruji, na watu wazima wanne tukakizunguka tukisubiri kipoe. Mama mkwe wangu akakiinamia akakipuliza, taratibu, kama anavyopuliza uji wa Hellen. Kisha akasita, akaniuliza, "Kupuliza kunaruhusiwa?"

"Kunaruhusiwa, Mama."

Akaendelea.

Baada ya robo saa nikakiwasha. Taa nyekundu, kisha bluu. Nikafungua simu. Picha ya Hellen ilikuwepo. Folda la mitihani lilikuwepo pia, na hapo nilikuwa na nafasi nzuri ya kunyamaza, maana jina lake lilionekana na mgeni asingejua zaidi.

"Mwalimu, mitihani haikuingia yote," nikasema. "Humu mna kama theluthi moja, na hata hiyo usiiamini. Nakala nzima iko kwenye flashi yako. Usiifute flashi hiyo leo, wala kesho. Na hata kikiwa kizima, usitegemee kitu kimoja tu. Kitakuja kuharibika siku moja bila sweta."

Mwalimu Modesta akanywa soda iliyobaki, ambayo sasa ilikuwa na joto kuliko kiboksi. Akawa kama anafikiria kitu kingine.

"Nina mwalimu wa taaluma," akasema, "Mwalimu Chenge. Amestaafu serikalini, tukamchukua. Alinifundisha mimi darasa la tano. Ana birika la chai, na analiweka juu ya ruta ya waifai ya ofisi, anasema pale chai haipoi. Ruta iliyopo ni ya tatu. Nimebadilisha ruta mara tatu." Akafungua pochi, akaifunga. "Mimi ni mkuu wa shule, na sijaweza kumwambia."

Hakuna aliyecheka. Mama mkwe wangu akakuna kidevu, akasema, "Mzee mwenyewe ni mkali?"

"Hapana, mama. Ni mpole sana. Ndiyo tabu yake."

Akainuka, akajikung'uta gauni. "Jumatatu saa moja na nusu, Rebeka. Mje na mtoto."

*

Jumatatu nilimwacha Hellen kwa dada wa kulea. Alilia kidogo, nikamsikia. Kisha akanyamaza, na huko kunyamaza pia nilikusikia, kupitia ukuta. Mwalimu Modesta akanionyesha mlango wa ofisi ya taaluma kwa kidole, kisha akakumbuka kwamba ana jambo la haraka upande mwingine.

Mwalimu Chenge alikuwa mzee mwembamba, miwani imefungwa uzi, daftari zimempanda mpaka kifuani. Birika la bluu lilikuwa juu ya ruta, limetulia kama limezaliwa pale.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa kompyuta? Karibu, karibu sana. Kaa hapa, kiti hicho kina mguu mbovu. Umekunywa chai?"

Kabla sijajibu alikuwa ameshanimiminia. Akaifuta sahani ya kikombe kwa leso yake mwenyewe. Akatafuta sukari kwenye droo, akanipa yote iliyobaki. Chai ilikuwa na tangawizi, imekolea, na ilikuwa ya moto sawasawa. Mzee alisema kweli kuhusu mahali pale. Akanitazama ninavyoonja, akisubiri.

"Nzuri?"

"Nzuri sana, Mwalimu."

Akafurahi mpaka macho yakapotea. Nje, kwenye korido, viatu vya mtu vikaja mpaka mlangoni vikasimama.

Nilikunywa funda moja. Nikaweka kikombe mezani, mbali na waya.

"Mwalimu," nikasema, "birika linahama leo."